Ukitaka kujua walivyocheza, soma walichokatazwa

Tamthilia za Kiingereza zenye magauni ya kiuno cha juu na makoti ya mkia zimetuzoesha picha moja: ukumbi wa mishumaa, wanaume mstari huu, wanawake mstari ule, wote wakitembea taratibu na kugusana vidole. Picha inapendeza, lakini sehemu kubwa yake haitokani na zama zinazodaiwa, yaani 1811 hadi 1820, mfalme George III alipokuwa hajiwezi kwa maradhi na mwanawe akatawala kwa niaba yake.

Chukua tamthilia ya BBC ya 1995, *Pride and Prejudice*. Wahusika wakuu, Elizabeth na Darcy, wanacheza dansi iitwayo Mr. Beveridge's Maggot, na watu wengi wanaamini hiyo ndiyo dansi ya enzi za Jane Austen, mwandishi wa riwaya iliyozaa tamthilia hiyo. Dansi hiyo ilichapishwa 1695, katika mfululizo wa vitabu vya dansi ulioanzishwa na mchapishaji John Playford mwaka 1651. Riwaya yenyewe ilitoka 1813. Ni kama filamu ya harusi ya leo Dar es Salaam ikawaonyesha wageni wakicheza beni ya wakati wa Mjerumani. Dansi za Playford zilifufuliwa mwanzoni mwa karne ya 20 na kina Cecil Sharp, wakusanyaji wa nyimbo na dansi za kienyeji waliokuwa wakitafuta Uingereza ya kale, na tangu hapo zimekuwa zikivalishwa nguo za zama yoyote mtayarishaji anayoitaka.

Basi ushahidi wa kweli uko wapi? Wengi hukimbilia kumbukumbu za watu mashuhuri, na hapo ndipo mimi huwa nasita. Kapteni Gronow, aliyekuwa ofisa wa jeshi la Uingereza, ndiye anayenukuliwa kila mahali kuhusu Almack's, ukumbi wa wakubwa pale London, na jinsi Lady Jersey alivyoleta kwadrili, dansi ya jozi nne zinazosimama kwa umbo la mraba, kutoka Paris mwaka 1815. Ni msimulizi mtamu kweli. Lakini kumbukumbu zake zilianza kuchapishwa 1862, karibu nusu karne baadaye, na mzee anayesimulia ujana wake huwa hasimulii upungufu.

Naviamini zaidi vijitabu vya bei nafuu. Kila mwaka wachapishaji wa muziki wa London, kama Preston na Thompson, walitoa mkusanyo wa dansi 24 za mwaka huo: noti juu, na chini yake mistari miwili mitatu ya maelekezo. Havikuandikwa ili kuvutia vizazi vijavyo, viliandikwa viuzwe kabla ya msimu kwisha. Ndiyo maana vinatuambia nyimbo zipi zilikuwa moto mwaka gani. Udhaifu wao ni kwamba maelekezo ni mafupi mno, na mara nyingine hatua hazitoshi katika muziki wenyewe.

Aliyelalamikia jambo hilo kwa sauti kubwa ni Thomas Wilson, mwalimu wa dansi wa London, ambaye kuanzia 1808 alitoa kitabu baada ya kitabu. Wanaomsoma leo hufungua kurasa za michoro, wakanakili nani apite wapi, wakafunga. Kwa maoni yangu wanaacha nyama wanakula mfupa. Hazina ya Wilson ni hasira zake. Katika kanuni zake za adabu anakataza wanaume kuingia ukumbini na mabuti au fimbo. Anakataza kualisha vidole wakati wa kucheza, na anakemea ukelele wa ghafla ambao watu waliupiga katikati ya rili, dansi za haraka za Kiskoti. Hakuna anayekataza jambo lisilotendeka. Kwa hiyo mbele yetu kuna ukumbi wenye mabuti, vidole vinavyolia na watu wanaopiga kelele kwa furaha. Nionyeshe tamthilia moja iliyothubutu kuweka hilo!

Bila shaka Wilson naye alikuwa mfanyabiashara. Alikuwa akiuza masomo, na mfumo wake ni jinsi alivyotaka London icheze. Asomwe hivyo hivyo.

Hasira za magazeti nazo zina faida, mradi usizisome kama tarehe ya kuzaliwa kwa kitu. Julai 1816 gazeti la *The Times* lilifoka kwamba walsi, ile dansi ya wawili kushikana na kuzunguka, ambayo gazeti liliiita dansi chafu ya kigeni, imechezwa katika karamu ya mtawala. Wapo wanaoandika hadi leo kwamba ndipo walsi ilipoingia Uingereza. Lakini shairi la mshairi Byron la kuikejeli lilichapishwa 1813, na mwaka uleule wa gazeti kufoka Wilson alitoa kitabu kizima cha kuifundisha. Gazeti lilikasirika kwa sababu walsi ilikuwa imefika kwa wakubwa.

Barua nazo zisisahaulike. Mapema 1817, miezi michache kabla ya kufa, Austen alimshukuru mpwa wake kwa muziki wa kwadrili, akasema unapendeza kiasi, ila haufikii kotilioni, dansi iliyotangulia kwadrili, za siku zake. Sentensi moja tu, na unaona fasheni ikibadilika mbele ya mtu wa miaka 41.

Mengi ya haya sasa yanasomeka bure mtandaoni. Maktaba ya Bunge la Marekani imeweka mamia ya vitabu vya kufundishia dansi, Maktaba ya Vaughan Williams pale Cecil Sharp House, London, ina hazina yake, na vitabu vya muziki vya familia ya Austen vimepigwa picha na Chuo Kikuu cha Southampton.

Kinachosumbua ni miguu. Vitabu vya London vinaeleza vizuri nani azunguke nani, vikanyamaza kuhusu nyayo. Hapo nenda Scotland: Francis Peacock wa Aberdeen aliandika hatua mwaka 1805, na Alexander Strathy wa Edinburgh akaeleza za kwadrili mwaka 1822. Ukiwasoma hao wawili, ule mwendo wa taratibu wa kwenye runinga unakosa pa kusimama. Watu hawa walirukaruka, na walitoka jasho.