Tumpime Mshindani kwa Siku Yake Mbaya

Kila Julai, kusi likivuma na kahawa ikimiminwa barazani kwetu Kizingo, mabishano kuhusu Tour de France, mbio za baiskeli za Ufaransa, hutugawa pande mbili. Vijana humpima mshindani kwa nguvu anazotoa mlimani, yaani wati ngapi kwa kila kilo ya mwili wake, na kwa matokeo yake katika mbio dhidi ya saa, ambamo kila mmoja huendesha peke yake akipimwa kwa muda. Wazee hujibu kwamba mashindano ya wiki tatu hayasomeki kwenye takwimu.

Vijana hawabahatishi. Katika Tour ya 2020 Primož Roglič wa Slovenia aliamka siku ya mbio dhidi ya saa ya kilomita 36.2, iliyoishia La Planche des Belles Filles, akiwa amemtangulia Mslovenia mwenzake, Tadej Pogačar, kwa sekunde 57. Jioni Pogačar alikuwa anaongoza kwa sekunde 59. Wengi waliuita muujiza. Hata hivyo, mwezi Juni mwaka huo huo Pogačar alikuwa amekwisha kumshinda Roglič katika ubingwa wa Slovenia wa mbio dhidi ya saa, kwenye njia iliyomalizikia mlimani vilevile, na aliyeyatazama matokeo yale kwa makini alikuwa na sababu ya kusita. Mwaka 2024, Pogačar aliposhinda Giro, mbio kama hizo za Italia, kwa karibu dakika 10 na Tour kwa zaidi ya dakika 6, wazee hawakuwa na la kusema.

Tatizo ni kwamba takwimu hizo hupimwa siku njema, ilhali jezi ya anayeongoza hupotea siku mbaya. Katika Giro ya 2018 Simon Yates alishinda hatua tatu, akakaa na jezi ya waridi siku 13, kisha kwenye mlima wa Colle delle Finestre miguu ikamwisha kabisa. Alipoteza zaidi ya dakika 38 siku hiyo, huku Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi, akiondoka peke yake zikiwa zimebaki kilomita 80 na kulitwaa taji. Uwezo wa Yates haukuwa wa uongo, kwani alishinda Vuelta, mbio za wiki tatu za Hispania, mwaka huo huo.

Katika Giro ya 2025 Yates alirudi kwenye mlima ule ule akiwa nyuma kwa dakika 1 na sekunde 21. Isaac del Toro na Richard Carapaz, wapinzani wawili waliokuwa mbele yake, walibaki wakitegeana, kila mmoja akimvizia mwenzake, naye Yates akaenda zake. Ng'ambo ya mlima, Wout van Aert wa timu yake alikuwa anamngoja ili amkingie upepo bondeni. Anayeendesha kutoka Kilifi kurudi Mombasa wakati wa kusi anajua thamani ya msaada huo: gurudumu lako likiwa kiganja kimoja tu nyuma ya la mwenzako, unapumua, ukiachwa kwa urefu wa baiskeli mbili, upepo unakupiga kifuani, na hata Mtwapa hujafika yeye haonekani tena. Hakuna kipimo cha wati kinachoonyesha nani atamngoja nani.

Hata hivyo siwafuati wazee hadi mwisho, kwa sababu wao huichukulia siku mbaya kama bahati tu, nami naamini mara nyingi huacha dalili mapema. Chukua Tour ya 2023. Hadi asubuhi ya mbio dhidi ya saa ya Combloux, Jonas Vingegaard alikuwa mbele ya Pogačar kwa sekunde 10 tu, na kwa takwimu za milimani wawili hao walikaribiana mno. Siku hiyo Vingegaard aliongeza dakika 1 na sekunde 38. Kesho yake, kwenye Col de la Loze, Pogačar aliishiwa nguvu na kuachwa kwa zaidi ya dakika 5. Wakati huo kila mtu alikwisha kujua kwamba alivunjika mkono mwezi Aprili katika Liège–Bastogne–Liège, mbio za siku moja za Ubelgiji, na kukosa wiki kadhaa za mazoezi barabarani, na kwamba wiki ya tatu ndiyo hudai deni la namna hiyo.