Maikromita ya Mzee na Kijiti cha 25

Mashine ya kusaga ya shangazi yangu kule Pongwe, Tanga, ilisimama siku nne mwezi uliopita. Si umeme, si mkanda. Ni shafti. Beringi iliila, tukaipeleka Ngamiani kwa fundi wa kuchonga, mzee anayeheshimika, akaijaza kwa kuchomelea, akaichonga upya, akapokea hela yake. Tulipofika Pongwe, beringi mpya ya 6206, yenye tundu la milimita 30, ikaingia kwenye shafti kwa kidole. Kwa kidole! Aliyewahi kufunga beringi anajua pale panataka nyundo na kipande cha bomba, au uipashe kwanza kwenye oili ya moto.

Nikarudi na shafti kwenye bodaboda, maneno yamenijaa kifuani.

"Shikamoo mzee. Shafti inapwaya."

"Marahaba. Haiwezi." Akatoa maikromita, kile chombo cha kupimia unene hadi sehemu ya mia ya milimita, kwenye droo, akapima mbele yangu. 30.00, mstari umekaa pake. "Umeona? Hizo beringi zenu ndizo feki."

Beringi feki zipo, hilo nampa, tena nyingi. Lakini rafuni kwake kulikuwa na beringi ya 6204 mpya, bado imo kwenye pakiti. Kipenyo cha nje cha 6204 ni milimita 47. Ikipungua hupungua kama 0.01, kuzidi hairuhusiwi. Nikaifungua, nikaifuta mafuta, nikaipima kwa maikromita yake. 47.07. Nikachukua nyingine, ya kampuni tofauti. 47.07. Viwanda viwili visivyojuana vikae kikao vimkomoe fundi wa Ngamiani?

"Mwanangu," akasema, "maikromita hii imekuzidi umri."

Sawa. Hata jahazi linalooza matopeni limenizidi umri.

Kilichoniuma ni kwamba mzee si mzembe. Kila Jumatatu, kabla ya chai, anafuta nyuso za maikromita kwa karatasi, anazungusha kwa kile kirungu cha nyuma mpaka kilie trr, anaangalia sifuri. Ikiwa imehama, anachukua spana ndogo ya ndoano, anazungusha shina mpaka mistari ikutane. Ndivyo inavyotakiwa, na wengi hawafanyi. Ila maikromita kama hii yake, ya kupima milimita 25 hadi 50, haifungi mpaka mwisho. Inasawazishwa kwa kijiti chake cha milimita 25, kile kinacholala nayo ndani ya boksi. Nikamwomba kijiti.

Kijana wake akakitoa kwenye ndoo ya spana.

Jamani. Kijiti kile kilikuwa kikitumika kugongea pini! Chuma kigumu, kinafaa, kijana akajisifu. Ncha moja ilikuwa imemeguka, na wao kwa uungwana wakaisawazisha kwenye jiwe la kunolea. Ikang'aa, ikapendeza, na 0.07 ikaondoka nayo. Kwa hiyo kila Jumatatu mzee alikuwa anakaa chini, kwa utulivu na nidhamu, anaifundisha maikromita nzima kusema uongo. Kipande cha 29.93 kikija, inasema 30.00, na wala haisiti.

Hapa ndipo ninapogombana na mafundi wenzangu. Tunasifiana kwa kuwa na maikromita za Kijapani, tunazifunga kwenye kitambaa, hatumwazimi mtu. Ukiuliza unailinganisha na nini, fundi anakuona umemtukana. Chombo kimehama sifuri, unakirudisha kwa dakika mbili. Kile unachokirudishia kikiharibika, hakuna spana itakayokusaidia, na hutajua, kwa sababu kila kitu kinakubaliana na chenyewe. Muuza nyanya sokoni anakaguliwa mizani na Wakala wa Vipimo. Sisi tunaochonga shafti za mashine zinazosaga unga wa hizo familia, nani anatuuliza?

Najua mtaniambia maabara ya ugezi, ya kuhakiki vipimo, ya Shirika la Viwango (TBS) ipo. Ipo. Na fundi wa shafti moja kwa siku afunge karakana apeleke maikromita, alipe, asubiri? Haya, nimekubali, haiwezekani kwa kila mmoja. Lakini Ngamiani hii tunachangiana misiba, harusi, mpaka jezi za ndondo. Tushindwe kununua kwa pamoja seti moja ya vile vipande vya chuma vya kulinganishia vipimo alivyobuni Johansson wa Sweden mwaka 1896, ikahakikiwa, ikafungiwa kwa mtu mmoja mwaminifu, na kila mtu akapita nayo maikromita yake mara moja kwa mwezi? Kupaka oili nyepesi kwa ajili ya chumvi ya bahari nako si kazi kubwa.

Na joto, kabla hamjaniletea hoja ya joto: ndiyo, vipimo hivi vimewekewa nyuzi 20, na Tanga hatuzioni. Shafti na maikromita vikiwa na joto moja haidhuru. Usipime tu shafti inayotoka kwenye mashine inafuka.

Mzee, Mungu amlipe, aliichonga upya bila kutudai. Beringi ikaingia kwa nyundo, shangazi akatulia. Ile 6204 nikamwachia ndani ya boksi la maikromita, nikaiandikia kwa kalamu ya wino mzito: YA KUPIMIA TU. Si kipimo cha maabara, lakini inakishinda mbali kijiti.

Jumanne nimepita kusalimia. Boksi tupu. Kijana kaifunga kwenye mota ya pampu ya mteja.