Mkato wa Fedha na Mkato wa Faili

Mwaka jana mfanyabiashara mmoja wa dagaa hapa Mwanza alinikabidhi faili la mauzo ya mzigo unaopitia soko la Mwaloni, Kirumba, ili nimwandikie programu ya kujumlisha mapato ya kila siku. Lilikuwa faili la CSV, yaani maandishi matupu ambamo kila mauzo hukaa kwenye mstari wake, na tarehe, mnunuzi, aina ya mzigo, magunia na fedha hutenganishwa kwa mkato. Msimbo wangu wa kwanza haukuzidi mistari mitano: soma mstari, futa alama za nukuu ambazo niliziona kuwa uchafu tu, kata kila palipo na mkato, chukua kipande cha tano, jumlisha. Jumla iliyotoka ilikuwa kichekesho. Fedha ziliandikwa kama sote tuziandikavyo, "1,250,000", na programu ilipofika kipande cha tano ikaona 1. Milioni moja na robo ikawa shilingi moja, bila onyo lolote.

Zile alama nilizozifuta ndizo zilizokuwa zikisema kwamba mikato iliyo ndani yake ni sehemu ya thamani, si mipaka ya safu. Kanuni hiyo imo katika RFC 4180 ya mwaka 2005, waraka wa wahandisi wa intaneti ambao haukuwa sheria ya kufunga mtu bali maelezo ya desturi iliyokwisha kuzoeleka: thamani yenye mkato hufungwa kwa nukuu, na nukuu iliyo ndani ya thamani huandikwa mara mbili. Waraka huohuo unaruhusu thamani iliyofungwa kwa nukuu kuvuka mstari. Hapo ndipo anayekata kwa mkono, yaani kwa msimbo aliouandika mwenyewe, anapokosea hata kabla ya kuufikia mkato, kwa sababu karani aliyebonyeza kitufe cha mstari mpya katikati ya maelezo ameshauvunja ule mstari ambao programu iliudhani mzima.

Hata hivyo, wanaotetea kukata kwa mkono si wajinga. Lugha ya programu ya Python huja na moduli yake ya CSV, yaani kifurushi cha msimbo uliokwisha kuandikwa, tangu toleo la 2.3, na lugha za PHP na Go nazo zina zana zao, lakini anayeandika kwa C au JavaScript hukuta kwamba lugha yenyewe haimpi kitu, hivyo inambidi apakue maktaba, yaani msimbo ulio tayari, ya mtu mwingine kwa bando lake, aielewe, kisha aendelee kuitunza. Ikiwa faili limeandikwa na mashine ninayoitawala mwenyewe, tuseme mizani inayotoa namba ya gunia na kilo tu, kuna haja gani ya kuvuta maktaba nzima? Katika hali hiyo ningekata kwa mkono leo hii na nisione haya. Hoja hiyo huanguka pale faili linapotoka mikononi mwa watu, na kwa uzoefu wangu mafaili mengi hutoka huko.

Tatizo ni kwamba maktaba nayo haisomi mawazo. Karani akiandika 1,250,000 kwenye simu bila nukuu, kichanganuzi (msimbo unaolisoma faili na kuligawa katika safu) kilicho bora kuliko vyote kitaona safu tatu, na kitakuwa sahihi kwa mujibu wa kanuni. Baadhi ya watu hujibu kwa kutumia vichanganuzi vinavyobahatisha, ambavyo huonja mistari ya mwanzo na kuamua wenyewe kitenganishi ni mkato, nukta mkato au tabo, na alama ya nukuu ni ipi. Ukarimu huo una faida, kwa kuwa Excel iliyopangwa kwa desturi za nchi zinazotumia mkato kwenye desimali huhifadhi CSV kwa nukta mkato. Lakini kwetu Kanda ya Ziwa kuna Ng'haya kule Magu na Nyang'hwale kule Geita, na chombo kitakachoichukua ile ritifaa kuwa ni nukuu kinaweza kumeza safu zinazofuata kikitafuta mwenzake wa kufungia. Simu nyingine huigeuza ritifaa hiyo kuwa ile iliyopinda, ambayo ikisomwa kwa usimbaji usio wake (usimbaji ni namna kompyuta inavyoziandika herufi kwa namba) hutoa herufi za ajabu. Kwa kuwa Kiswahili hakina herufi zenye vikorombwezo, kosa hilo linaweza kujificha miezi kadhaa hadi mzigo wa kwanza wa Ng'haya uingie.

Kubahatisha aina za thamani ndiko ninakokuhofia zaidi. Namba ya simu inayoanza na 07 ikigeuzwa kuwa hesabu hupoteza sifuri yake. Namba ya kitambulisho cha taifa ina tarakimu 20, ilhali Excel hutunza 15 tu za mwanzo na zilizobaki huzifanya sifuri. Kwa hiyo aliyelifungua faili, akarekebisha neno moja na kulihifadhi, amekwisha kuliharibu kabla halijanifikia, na hakuna msimbo utakaozirudisha tarakimu hizo.

Baada ya kuyapima yote, nilitumia moduli ya Python, nikataja mwenyewe kitenganishi, nukuu na usimbaji, nikaamuru kila thamani ibaki maandishi mpaka nitakapoigeuza kwa kutaja safu yake. Mstari wowote usio na safu tano hauingii kwenye jumla, bali huwekwa kando pamoja na namba yake. Mwenye mzigo hakuupenda ukali huo mwanzoni. Alitaka jumla, si orodha ya makosa. Nilimwonyesha mstari wa 214, uliokuwa na safu saba, na mauzo yake ya milioni moja na robo, akamwita karani.