Laktati: mkaa uliodhaniwa majivu

Ingia wodi yenye wagonjwa wa kipindupindu, iwe Kigoma au Mombasa, utakuta mifuko ya dripu imetundikwa, na mingi kati yake imeandikwa Ringer's Lactate. Toka hapo, nenda uwanjani jioni, umsikilize kocha akiwaambia vijana waliomaliza mita 400 na kujishika magoti: "Hiyo ni asidi ya laktiki imejaa miguuni. Tembeeni itoke." Hakuna anayeshangaa. Kule tunaiingiza laktati, chumvi ya asidi hiyohiyo, kwenye mshipa ili mtu apone, huku tunaihesabu sumu.

Lita moja ya dripu hiyo ina takriban milimoli 28 za laktati. Damu ya mtu aliyetulia ina kama milimoli 1 kwa lita, na ya mkimbiaji aliyejimaliza katika mita 400 huweza kupanda hadi 20 na ushee. Basi mfuko ule una laktati nzito kuliko damu ya kijana anayetapika pembeni mwa uwanja. Aliyeitia humo ni Alexis Hartmann, daktari wa watoto wa St. Louis, Marekani, miaka ya 1930, na aliitia kwa kusudi la kupunguza asidi katika damu ya watoto wagonjwa. Kilichomo mfukoni ni chumvi ya laktati, si asidi yake. Seli zikishaichoma, damu hubaki na bikaboneti, na bikaboneti ndiyo inayozima asidi.

Nimeanza na dripu kwa makusudi, kwa kuwa naona laktati imeonewa. Lakini walioishitaki hawakuwa watu wa kubahatisha, na sehemu ya mashitaka yao bado imesimama.

Mwaka 1907, Walter Fletcher na Frederick Hopkins wa Cambridge walipima misuli ya chura. Misuli iliyonyimwa oksijeni ilikusanya asidi ya laktiki kadiri ilivyochoka. Ikirudishiwa oksijeni, asidi ilipungua. Miaka michache baadaye Archibald Hill na Otto Meyerhof wakajenga juu ya msingi huo na kupewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1922. Hapo ndipo lilipozaliwa lile somo tulilokaririshwa shuleni: oksijeni ikipungua, seli hutengeneza asidi ya laktiki, misuli inachoka, na mtu anahema ili kulipa deni la oksijeni.

Ni hoja ya kijijini kabisa. Kila penye uchovu laktati ipo, basi ndiyo mkosaji; kila msiba mama fulani yupo, basi atakuwa mchawi. Hakuna aliyeuliza kama huja kwa sababu ndiye mwenye masufuria.

Ufa wa kwanza ulionekana mapema. Mwaka 1930, Einar Lundsgaard wa Denmark alitumia iodoasetati, sumu inayozuia misuli isitengeneze laktati. Wakati huo wakubwa wa fani waliamini kuwa asidi hiyo ndiyo inayoisukuma misuli ijikunje. Misuli ya Lundsgaard ilijikunja bila laktati, na kisha ikaishiwa nguvu na kukakamaa, vilevile bila laktati. Meyerhof alikubali kubadili msimamo. Vitabu vya shule havikuwa na haraka hiyo.

Twende sasa kwenye hesabu, maana ndipo lawama ilipojificha. Molekuli moja ya glukosi ikivunjwa hadi laktati, seli hupata ATP 2, ile sarafu ambayo kila kazi ya seli hulipiwa. Glukosi hiyohiyo ikipelekwa mitokondria, majiko ya seli, na kuchomwa hadi ikabaki kaboni dioksidi na maji, hutoka ATP kama 30 hadi 32. Mwalimu huandika namba mbili hizo ubaoni, 2 upande huu na 30 upande ule, halafu anasema: mnaona hasara? Kengele inagonga, watoto wanatoka.

Kama kengele ingechelewa, pengine mtoto mmoja angeuliza: zile 28 nyingine ziko wapi? Hazijapotea kama joto, wala hazijatoka kwa pumzi. Zimo ndani ya laktati. Ukipima nishati yenyewe badala ya ATP, safari ya kutoka glukosi hadi laktati hutoa takriban asilimia 7 tu ya ile ambayo ingetoka glukosi ikichomwa yote. Zaidi ya asilimia 90 bado haijaguswa. Tumeitazama bidhaa yenye sehemu tisa kati ya kumi za thamani yake, tukaiita taka! Kila nikiirudia hesabu hii nashindwa kuelewa jina hilo lilidumuje karibu karne nzima, tena katika vitabu ambavyo namba zote mbili zimechapishwa ukurasa uleule.

Aliyewahi kuona tanuri la mkaa ataelewa haraka. Magogo yamefukiwa udongo, hewa inapenya kwa taabu, kuni haziungui hadi mwisho. Kinachofukuliwa ni cheusi, kinachafua mikono, na mgeni angekisukumia kando pamoja na majivu. Ndicho kinachojazwa magunia na kupakiwa malori kwenda kupika ubwabwa wa mjini.

Mfano huo una mpaka wake, na mpaka wenyewe unaifaa laktati zaidi. Mkaa hutokea kwa sababu hewa imebanwa. Laktati hutengenezwa hata pale oksijeni ilipo tele. Chembe nyekundu za damu hazina mitokondria kabisa, kwa hiyo huitoa usiku na mchana, hata sasa ukiwa umekaa unasoma. Misuli nayo hufanya hivyo kila kasi ya kuvunja sukari inapozidi kasi ya mitokondria kupokea. Kuna na sababu nyingine. Kuvunja glukosi huzalisha hidrojeni, na ya kuibeba ni molekuli iitwayo NAD, nayo seli haina akiba kubwa ya kuchezea. Ifikirie kama makuli wa bandarini: wote wakiwa na mizigo mabegani na hakuna pa kuitua, meli haishushwi tena. Piruvati, kile kinachobaki glukosi ikishavunjwa, huupokea mzigo, inageuka laktati, kuli anarudi melini. Pasipo hatua hiyo, kazi ya haraka ya misuli ingesimama dakika ileile tunayoihitaji.

Kutoka hapo mkaa husafirishwa. George Brooks wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alilisimamia wazo hili katikati ya miaka ya 1980, na kwa muda mrefu wenzake walimwona mkaidi. Alionyesha kwamba nyuzi za misuli zenye kasi huitoa laktati, na nyuzi za polepole zilizo jirani yake huichukua na kuichoma. Moyo nao huila kwa wingi wakati wa mazoezi. Ini huirudisha kuwa glukosi, kazi waliyoieleza Carl na Gerty Cori tangu 1929, ingawa bei yake ni kubwa: hulipwa ATP 6 kurudisha glukosi iliyokuwa imetoa 2. Mwaka 2017 watafiti wa Princeton walipima kasi ya virutubisho kuingia na kutoka katika damu ya panya. Laktati ilizunguka kwa kasi mara 1.1 ya glukosi panya wakiwa wameshiba, na mara 2.5 wakiwa wamefunga. Panya si mtu, sawa. Ila taka gani hiyo inayopita barabarani kuliko chakula chenyewe?

Wapo pia binadamu wanaotufundisha jambo kwa maradhi yao. Mwaka 1951 daktari Brian McArdle wa London alieleza mgonjwa ambaye misuli yake haikuweza kuvunja akiba yake ya wanga. Wenye ugonjwa huo wakifanya kazi nzito, laktati haipandi. Kama laktati ndiyo uchovu, hawa wangekuwa mabingwa wa dunia. Badala yake huchoka upesi, misuli ikakaza na kuuma vibaya. Mtetezi mwaminifu atakiri kuwa hawa wamenyimwa mafuta, si moshi peke yake, kwa hiyo ushahidi wao hauifutii laktati kila kosa. Unatosha kuthibitisha kuwa uchovu unajua njia bila kuongozwa nayo.

Upande wa mashitaka una nini kilichobaki? Una asidi, kwanza. Misuli inayofanya kazi kupita kiasi huwa na asidi kweli. pH hushuka kutoka 7.0 hivi hadi karibu 6.5, na laktati hupanda sambamba nayo. Mwaka 2004 Robert Robergs na wenzake walidai kuwa ioni za hidrojeni, ndizo zinazoleta asidi, hutoka kwenye kuvunjwa kwa ATP, na kwamba kutengeneza laktati kunameza ioni badala ya kuzitoa. Watetezi walishangilia. Mimi nilishangilia pia, kisha nikasoma majibu ya wapinzani na kutulia. Wanasema ukijumlisha mlolongo wote, kuvunja glukosi pamoja na kutumia ATP inayopatikana, mwisho wa daftari unaandika laktati na ioni za hidrojeni kwa idadi sawa. Ugomvi ni wa mahali pa kupiga mstari wa hesabu, na sidhani Robergs ameshinda kama mashabiki wake wanavyotaka.

Hata hivyo, je, asidi yenyewe ndiyo inayochosha? Majaribio mengi yaliyoitia hatiani yalifanywa kwenye nyuzi za misuli zilizopozwa, baridi kuliko mwili wowote ulio hai. Miaka ya 1990 yaliporudiwa kwenye nyuzijoto 30, madhara yakapungua sana. Macho yakahamia kwa fosfati inayobaki ATP na kreatini fosfati zikivunjwa. Tafiti zilizofuata zimesawazisha mambo kidogo: asidi na fosfati zikikutana katika joto linalokaribia lile la mwili, nguvu ya misuli hushuka. Kwa hiyo asidi haitoki mahakamani ikiwa safi. Laktati nayo ndiyo yenye jina la asidi hiyo, na majina hayafutiki kirahisi.

Hoja nzito zaidi ya mashitaka haiko uwanjani, iko hospitali. Shirika la Afya Duniani huhesabu laktati ya milimoli 5 kwa lita au zaidi kuwa mojawapo ya dalili za malaria kali. Mtoto mwenye kipimo hicho yuko karibu na mauti, na daktari anayeambiwa kuwa laktati ni mafuta mazuri ana haki ya kukasirika. Vimelea vyenyewe huvunja sukari kwa pupa na kumwaga laktati, huku mishipa midogo ikiziba na tishu kukosa oksijeni. Wenye kumbukumbu ya ARV za awali zenye stavudini wanalijua tatizo kwa sura nyingine: pamoja na mashavu kubonyea na miguu kukonda, wapo waliopata kichefuchefu, pumzi fupi na uchovu usioelezeka, na kipimo kikaonyesha asidi ya laktiki imewajaa. Dawa ile ilizuia kimeng'enya kinachonakili vinasaba vya mitokondria. Majiko yaliharibika, mkaa ukarundikana. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani likashauri nchi ziiache dawa hiyo hatua kwa hatua. Na Otto Warburg alikwisha kuonyesha miaka ya 1920 kuwa seli za saratani huitengeneza kwa wingi hata oksijeni ikiwepo, jambo ambalo halimfanyii mgonjwa wema wowote.

Sibishani na kipimo hicho hata kidogo. Kinaokoa maisha na natamani kila hospitali ya wilaya iwe nacho. Ninachobishania ni hatua inayofuata, pale namba inapogeuzwa kuwa ugonjwa wenyewe. Hilo lilijaribiwa. Mwaka 1992 yalichapishwa matokeo ya wagonjwa 252 mahututi, wengine wakipewa dikloroasetati, dawa inayoilazimisha seli iichome laktati, wengine wakipewa dripu isiyo na dawa hiyo. Dawa ilifanya kazi yake, laktati ikashuka. Vifo havikupungua. Ukimtoa mama yule msibani na masufuria yake, marehemu hafufuki.

Tena kipimo cha damu ni kama alama ya maji kwenye tangi: kinasema yalipofika, hakisemi bomba la kuingiza limefunguliwa au la kutolea limeziba. Bengt Saltin, mtaalamu wa Skandinavia aliyewapima wakimbiaji wa Kenya na wa kwao mwaka 1990, alikuta Wakenya wana laktati ndogo kwa kasi ileile ya kukimbia. Unaweza kusema wanatengeneza kidogo, unaweza kusema wanaila upesi. Namba peke yake haikuchagulii.

Tumrudie kocha. Maumivu ya kesho yake ambayo vijana watamlalamikia hayaihusu laktati, maana ndani ya saa moja hivi damu huwa imerudi kawaida. Hayo ni ya nyuzi zilizochanika kidogo, na ndiyo maana kushuka mlima huuma kuliko kuupanda. Lakini alipowaambia watembee badala ya kukaa chini alikuwa sahihi, laktati hupungua haraka zaidi mtu akiendelea kujongea polepole. Alikosea neno moja tu, "itoke". Haitoki. Inaliwa na moyo unaodunda kifuani, na nyuzi za polepole za mapaja yaleyale yaliyoitengeneza dakika tano zilizopita.