Nilimwita Babu "mafuta mingi"

Haya, naona shemeji keshawatangazia kwamba nilifukuzwa ukweni kwa fimbo, tena kaongeza chumvi. Sikufukuzwa kwa fimbo. Fimbo ilikuwepo, ila haikuondoka ukutani.

Jumapili, Jinja, ukweni. Mimi wa Tanga, Kampala nina miezi minane, na mji nimefundishwa na vijana wa bodaboda pale steji. Likipita gari kubwa, utawasikia: "Huyo mafuta mingi!" Nikaweka kichwani: hilo ndilo jina la kibopa. Ulimi uliniwasha kuwasahihisha, ni mafuta mengi, lakini mgeni hafundishi wenyeji kusema.

Babu wa mchumba wangu, kanzu nyeupe pe, kamega tonge la matooke, kalichovya kwenye mchuzi wa karanga, analipeleka kinywani. Nami, kwa sauti ya kumsifu: "Babu, nyumba hii! Wewe ni mafuta mingi haswa!"

Tonge likasimama hewani. Chini yake mchuzi ukajikusanya, tone moja, likarefuka, likaning'inia (nyie mnacheka, mimi bado naliona), likadondoka kifuani. Hakuna aliyethubutu kulifuta.

"Nani kakwambia duka nilipewa?"

"Duka lipi, Babu?"

Kumbe mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Wahindi siku 90 wafunge virago, maduka yao yakagawiwa, na waliotajirika kwa ule mgao ndio wakaitwa mafuta mingi. Kwa mzee wa rika lile, umemwambia mali yake si jasho lake.

"Nilinunua! Risiti ninayo!"

Nikaona nijishushe. "Nisamehe Babu, mimi ni muyaaye tu." Si wale vijana huitana hivyo huku wakigongeana mikono? Nilidhani ni mhangaikaji wa mjini. Jamani, kwa mzee wa Uganda muyaaye ni mhuni, mvuta bangi na tapeli, vyote ndani ya shati moja.

Babu akamgeukia mjukuu wake, taratibu. "Muyaaye. Na amejitaja mwenyewe."

Basi, chai sikunywa, mchumba hakufungua mdomo mpaka Mukono, njiani kurudi Kampala, kanzu naambiwa imetakata. Jana Babu kanitumia salamu: nikirudi, nibebe mafuta ya kupikia.

Wenyeji nisaidieni: dumu la lita 20 ndiyo mingi, au niongeze?