Pikipiki imelala gereji, hesabu hailali

Ndugu zangu, nina hasira na ninaandika kabla haijapoa.

Kuna kijana wa boda anayepaki Sabasaba, hapa Dodoma. Ndiye anayenikimbiza Mtumba daladala zikinigomea, ndiye anayempeleka mama yangu hospitali ya General siku za kliniki. Pikipiki yake ni ya mkataba, yaani ni ya tajiri, naye anampelekea hesabu, fedha za kila siku, mpaka mkataba uishe; na haijamaliza hata mwaka tangu itoke dukani. Ikaanza kutoa moshi wa bluu na kula oili. Kijana akafanya lile ambalo wauzaji wenyewe hutuhimiza tufanye: hakuipeleka kwa fundi wa chini ya mwarobaini, aliirudisha dukani iliponunuliwa, kwa kuwa waranti bado ipo. Wakaipokea, wakaisukuma ndani, geti likafungwa. "Dogo, njoo Jumatatu." Jumatatu akaambiwa spea inatoka Dar. Akirudi tena, fundi mkuu amesafiri. Juzi nikaamua kwenda naye, na tulipofika tukaambiwa waranti imekufa kwa sababu injini imeingia vumbi, na vumbi ni matumizi mabaya.

Duka silitaji jina. Tatizo lenyewe ni kubwa kuliko duka moja, na wengi wenu mnaosoma hapa mmeshasimama kwenye kaunta kama ile.

Tuanze na hilo vumbi. Anayeuza pikipiki Dodoma anajua anaiuza wapi. Mvua zikikata mwezi wa nne hatuzioni tena mpaka kuelekea Desemba, na katikati hapo upepo unavuma miezi mizima. Ukitoka tu lami ya Nkuhungu au Nala umeingia kwenye vumbi, na boda anaishi nje ya lami kwa sababu abiria wake wanaishi huko. Vumbi linaingiaje kwenye injini? Chujio la hewa likichakaa au lisiposafishwa, linapitisha mchanga laini mpaka kwenye silinda, mchanga unasaga ringi na kuta za silinda, oili inapanda juu na kuungua, moshi unatoka bluu. Hili fundi yeyote analijua. Ndiyo maana kusafisha au kubadilisha chujio ni sehemu ya sevisi. Na sevisi za mwanzo za pikipiki hii zilifanywa palepale dukani, kijana akiwa amekaa kwenye benchi la nje akisubiri.

Nikaomba kitabu cha sevisi. Kijana anacho, amekitunza kwenye mfuko wa nailoni chini ya siti. Nikakifungua. Hakuna muhuri, hakuna kilomita, hakuna saini ya fundi. Ukurasa wa sevisi ya kwanza, ile ya kilomita 500 hivi ambayo kila mwenye pikipiki mpya anaambiwa asiikose kwa sababu vyuma vipya vinasagana na kuacha chembe kwenye oili, ni mweupe kabisa. Nikamuuliza yule dada wa mapokezi: chujio lilisafishwa au halikusafishwa? Akasema, "Dada, hapo siwezi kujua." Fundi aliyefanya kazi ile? Hayupo tena. Kwa hiyo duka halijui lilichokifanya lenyewe kwenye pikipiki hii, lakini lina uhakika kwamba kosa ni la dereva.

Hapa ndipo ninapotaka tusimame. Watu wengi wakilalamikia gereji za maduka ya pikipiki wanalalamikia bei, au kauli mbaya, au kadi ya TRA na namba kuchelewa. Yote yapo. Kwangu mimi uovu mkubwa ni kutokuandika. Pikipiki inapokelewa bila karatasi. Hakuna anayeandika imefika na kilomita ngapi, mteja amelalamikia nini, imekutwa na nini, kifaa gani kimetolewa, kipi kimewekwa, itakuwa tayari lini. Kifaa cha zamani hukioni. Unaambiwa "tumebadilisha klachi pleti," unalipa, unaondoka, na huna njia ya kujua kama zimebadilishwa au zimekazwa tu. Siku mgogoro ukizuka linabaki neno la duka dhidi ya neno la dereva, na sote tunajua neno la nani lina uzito pale kaunta. Karatasi moja yenye nakala mbili ingemaliza ugomvi wa kijana huyu kwa dakika tano. Kama chujio lilisafishwa, pangeandikwa, na duka lingekuwa na haki ya kusema dereva ndiye aliyezembea baadaye. Kama halikusafishwa, duka lingejua lina deni. Karatasi inamlinda muuzaji mwaminifu vilevile, kwa hiyo sielewi anayeikataa anaogopa nini.

Na gharama ya kusubiri inabebwa na nani? Mkataba wa boda hauna kipengele cha "pikipiki iko gereji". Tajiri anataka hesabu yake. Akiwa na huruma atakuvumilia kidogo, asipokuwa nayo anakupigia simu kila jioni, na siku ambazo hukupeleka zinaongezwa mwishoni au chombo kinachukuliwa na kupewa mwingine. Kijana huyu alisimama pembeni ya ile kaunta akipokea simu ya bosi wake na kusema, "Bosi, niko nao hapa hapa, ongea nao," akamnyooshea simu mtu wa duka. Mtu wa duka akakataa kuishika. Nimeumia sana kuliona hilo. Sentensi moja tu, "ni kweli, pikipiki yako iko kwetu," ingempa kijana nafasi ya kupumua, na wamemnyima.

Halafu spea kutoka Dar. Kutoka Dar mpaka hapa ni kama kilomita 450. Mabasi yanabeba vifurushi usiku na mchana. Treni ya SGR inafika Dodoma tangu 2024, na mtu anakunywa chai Dar akala chakula cha mchana hapa. Ringi za pistoni zinaingia kwenye mfuko wa shati. Miaka ya nyuma, Dodoma ikiwa mji mdogo, tungevumilia. Leo hapa ndipo makao makuu, pikipiki zimejaa kila mtaa, na mwaka 2022 Rais alikabidhi hapa hapa maelfu ya pikipiki kwa maafisa ugani wa nchi nzima. Duka linalouza pikipiki kila siku na halina stoo ya ringi limechagua kutokuwa nayo.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba madereva nao wana yao. Wapo wanaopiga mishikaki na magunia juu yake, wapo wanaoendesha mpaka oili inakuwa lami, wapo wanaonunua spea feki halafu wanarudi dukani kudai. Nakubali pia kwamba spea za dukani kwa kawaida ni za uhakika kuliko za mtaani. Ndiyo hasa sababu nataka watu waendelee kwenda dukani.

Na ninyi mnaohudumia wanawake: mwanamke akija na pikipiki yake, ongeeni naye. Mimi niliuliza kuhusu silinda, jibu akapewa kijana.

Wanaosema "tutafanyaje, ndivyo walivyo" wakumbuke kwamba Sheria ya Ushindani ya 2003 ina sehemu zinazomlinda mlaji, na Tume ya Ushindani, FCC, ipo na inapokea malalamiko. Tumeshamsaidia kijana kuandika barua, nakala ya kwanza imekwenda kwa duka lenyewe. Ugumu tulioupata ni uleule: kila tulipofika kwenye neno "ushahidi" tulikuwa na kitabu cheupe.

Kwa hiyo kabla ya kumkabidhi mtu funguo za pikipiki yako, piga picha ya geji ya kilomita. Andika tatizo kwa mkono wako kwenye karatasi, mpe asaini, hata kama atanuna. Mwambie mapema kwamba kifaa kitakachotolewa unakitaka mkononi. Sevisi ikiisha, usiondoke mpaka kitabu kimegongwa muhuri. Wenye pikipiki za mkataba, ongezeni kipengele cha siku za gereji kabla ya kusaini. Matajiri, kikubalini, chombo ni chenu.

Nami kuanzia mwezi ujao nitapita kwenye maduka ya pikipiki hapa mjini na kuuliza kila moja swali hilo hilo: mkipokea pikipiki ya mteja, mnampa karatasi gani? Atakayenionyesha karatasi ya kweli, yenye kilomita, kasoro, vifaa na tarehe, nitamwandika hapa kwa jina la duka lake na mtaa alipo, ili vijana wa Sabasaba, Majengo na Nzuguni wajue pa kupeleka pikipiki zao.