Ozoni ya Aktiki: anza na klorini

Ukitaka kujua nini kimeila ozoni ya Aktiki, usianze na ramani ya ozoni. Anza na klorini, tena Desemba, ncha ikiwa bado gizani.

Gizani ndipo vifaa vinavyotegemea mwanga wa jua, kama kipimaji cha ozoni OMI, hukwama. MLS, kifaa kingine kilichomo kwenye setelaiti hiyohiyo ya Aura iliyorushwa Julai 2004, husoma mawimbi ya mikrowevu yanayotoka kwenye molekuli zenyewe, kwa hiyo hupima usiku na mchana. Hutazama ukingo wa angahewa kwa ubavu, ikitoa vipimo vya wima kama 3,500 kwa siku hadi latitudo 82.

Katika kimo cha kilomita 20 hivi, baridi ikipita nyuzi 78 chini ya sifuri, mawingu yenye asidi ya nitriki huanza kujengeka. Juu ya chembe zake kloridi ya hidrojeni (HCl) hukutana na klorini nitrati, na klorini iliyokuwa tulivu huamka. Kwenye data, HCl huporomoka kwanza. ClO, klorini iliyoungana na oksijeni, hupanda mwanga unapogusa, na hapa wengi hukosea: usiku molekuli za ClO huungana mbilimbili, na MLS haizioni tena kama ClO. Ukitia usiku na mchana kwenye wastani mmoja, utadhani klorini imelala. Chuja kwanza kwa pembe ya jua.

Ozoni ina hila zaidi. Ndani ya vorteksi, yaani duara la upepo linalozunguka ncha, hewa hushuka majira yote ya baridi ikibeba ozoni ya juu, hivyo kiwango chaweza kusimama palepale huku kemia inaila. Dawa yake ni oksidi ya nitrasi (N2O), ambayo huko chini haiguswi na kemia hiyo na hupungua kadiri unavyopanda. Linganisha ozoni kwa N2O ileile, Desemba na Machi. Vipimo vya ukingoni mwa vorteksi vitupe, maana hewa ya nje ikichanganyika huharibu ulinganisho wote.

Asidi ya nitriki ikipungua, usitangaze kwamba imezama na chembe za mawingu. Huenda imejificha tu kwenye chembe. Subiri joto lirudi uone kama itarudi kuwa gesi.

Bila gesi hizi kupimwa pamoja, upotevu mkubwa wa Aktiki wa 2020 ungebaki ubishi kati ya upepo na kemia. Ndiyo maana naona ni kosa kuacha pengo. MIPAS, kipimaji cha gesi kwa infraredi, ilinyamaza pamoja na setelaiti yake Envisat Aprili 2012. ACE-FTS, kipimaji kingine cha gesi angani, ni nzuri sana, ila husubiri jua lichomoze au lizame. Mwaka 2025 shirika la anga la Ulaya, ESA, lilichagua setelaiti ya WIVERN, ya kupima upepo mawinguni, likaiacha CAIRT, ambayo ingetazama ukingo huo kwa infraredi hata gizani. Aura nayo imezeeka.